Tarumbeta nalo lilikuwa geni: usiku wa mariachi wa asili na wa kisasa chuo kikuu, San Antonio

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Nimeuandika kidogo kidogo nikitoka zamu.

Nianze na vifungo. Ninafanya kazi ya kuhudumia wazee hapa San Antonio, Texas, zamu ya usiku. Mwenzangu wa zamu ni mama wa makamo ambaye wazazi wake walitoka Jalisco, magharibi mwa Mexico. Mwezi uliopita, saa nane usiku, wazee wote wamelala, nikamkuta amekunja sketi ndefu nyeusi mapajani, mswaki mkononi, anasugua vifungo vya rangi ya fedha kimoja kimoja. Vimeshuka jozi jozi kutoka kiunoni mpaka chini kwenye pindo, kila jozi imeshikwa na kimnyororo chembamba. Sabuni yake ilikuwa dawa ya meno. Nikamuuliza sketi ya nani. Ya binti yangu, akasema. Yuko mwaka wa tatu chuo kikuu, anasomea uuguzi, na ndiye mpiga guitarrón, gitaa kubwa la besi, wa kundi la chuo la mariachi, ule muziki wa kienyeji wa Mexico. Jumamosi wana tamasha. Kisha akanitazama: "Wewe siku zote unaniambia baba yako alikuwa anapiga fidla. Njoo."

Nikaenda. Sijajuta.

Ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi. Mabibi wamevaa shali zilizotariziwa, watoto wachanga wamebebwa, vijana wa chuo na kaptula zao. Ratiba ilikuwa na mafungu mawili tu: kwanza mariachi ya asili, kisha mariachi ya kisasa. Nilipoisoma nikajisemea haya ni yale yale ya kwetu, taarabu asilia na modern taarab, sasa nitaona wanavyogombana.

Fungu la kwanza wakatoka vijana wanane, nguo nyeupe za pamba, kofia za majani, miguuni makubadhi ya ngozi. Hakuna suti, hakuna kifungo kinachong'aa, na hakuna tarumbeta hata moja. Fidla tatu, kinubi kirefu kinachomfika mpigaji begani, magitaa mawili, vihuela, na guitarrón. Hivi viwili vya mwisho nivieleze, maana bila vyenyewe mariachi haiwi mariachi. Vihuela ni kijigitaa cha nyuzi tano chenye kibiongo mgongoni. Mkono unafagia nyuzi zote kwa pamoja, kwenda na kurudi, na ndiyo inayoshika mwendo kama manyanga. Guitarrón ni mama yake: tumbo limefura kama mtungi, na mgongoni ana kibiongo hicho hicho. Nyuzi ni sita, na shingo haina vile vichuma vya kugawa sauti, kwa hiyo kidole kikikosea nafasi kila mtu atasikia. Ndiyo besi ya kundi, na haichomekwi kwenye umeme. Ili ijaze ukumbi, mpigaji anavuta nyuzi mbili kwa mpigo mmoja, sauti moja ya chini na ile ile ya juu yake. Siyo kugusa, ni kuvuta kama mtu anayekaza kamba ya ngalawa. Binti wa mwenzangu alikuwa amejifunga plasta nyeupe vidole viwili vya mkono wa kulia. Nilikuwa safu ya tatu, niliiona plasta moja ikianza kubadilika rangi kwenye wimbo wa nne, na mkono haukupunguza mwendo.

Mbele ya wapigaji paliwekwa jukwaa dogo la mbao, wanaliita tarima. Wakapanda kijana na msichana wakaanza kucheza kwa visigino. Nilidhani ni mapambo, kumbe ile mbao ndiyo ngoma ya kundi. Miguu inapiga kile ambacho nyuzi zimekiacha wazi. Na hapo ndipo nilipopata mshtuko. Mwendo ule ni wa hesabu ya sita: sikio moja linasikia tatu mara mbili, sikio jingine linasikia mbili mara tatu, na wanabadilisha kati ya hizo bila kukuaga. Mtoto wa pwani hafundishwi mwendo huo. Ukikulia Tanga au Mombasa, ukaona chakacha inavyochezwa kwenye maharusi, kiuno chako kinajua pa kuingia. Nilijikuta nimeshaingia kabla sijajiuliza.

Nisieleweke vibaya, sisemi mariachi ilitoka kwetu. Ninachosema ni kwamba Waafrika walipelekwa Mexico utumwani kwa maelfu katika karne ya 16 na 17, wakafanya kazi mashamba ya miwa, machimboni, kwenye ng'ombe na bandarini, na wanaochunguza muziki huo wanaitaja mizizi mitatu: wenyeji wa asili, Wahispania na Waafrika. Vicente Guerrero, rais wa Mexico aliyetangaza kukomesha utumwa 1829, alikuwa na damu ya Kiafrika. Tena kinubi, fidla na magitaa viliingia na Wahispania, wenyeji wakajifunza kuvichonga kwa mbao zao na kuvipa maumbo ambayo Hispania hayakuwepo. Guitarrón ni mfano.

Kuhusu jina lenyewe. Wengi mtasikia kwamba mariachi ni neno la Kifaransa la ndoa lililoharibiwa matamshi, eti kwa sababu askari wa Ufaransa walipoivamia Mexico walikuta wanamuziki wakitumbuiza harusini. Hadithi tamu, ila imekufa. Kuna barua ya 1852 ya padri Cosme Santa Anna wa Rosamorada, eneo ambalo leo ni jimbo la Nayarit, akimshtakia askofu wake wa Guadalajara kwamba watu wanafanya vurugu, ulevi na kamari Jumamosi Kuu ya Pasaka kwenye sherehe ambazo huko huitwa mariachi. Ufaransa ilivamia miaka kumi baadaye. Yaani hadithi ya Wafaransa ilizimwa na padri aliyekasirishwa na kelele za ngoma.

Naomba nipumzike, niendelee nikiamka.

#2 – Mchangiaji wa Morogoro

Mkuu endelea, nimevuta kigoda. Mimi mariachi nazijua za kwenye filamu tu, zile kofia kubwa. Sikujua kuna za makubadhi.

#3 – Mleta uzi

Mkuu wa Morogoro, hata mimi nilikuwa hivyo hivyo. Na hizo kofia kubwa ndizo ninazotaka kuzieleza sasa.

Fungu la pili pazia lilipofunguka ukumbi mzima ulisimama. Vijana kumi na wanne, suti nyeusi za kubana, koti fupi, tai kubwa ya kipepeo iliyotariziwa, vifungo vinawaka kwenye taa. Nilivitambua vifungo vyangu, niseme hivyo, kwa sababu niliviona vikisuguliwa. Fidla sita, magitaa, vihuela, guitarrón, kinubi kile kile, na pembeni matarumbeta mawili. Wakaanza El Son de la Negra. Wimbo ule huanza polepole, kama gari moshi linalojivuta kutoka stesheni, kisha mwendo unaongezeka hadi fidla na matarumbeta yanafukuzana. Mzee mmoja mbele yangu alivua kofia akaiweka kifuani. Nyuma yangu mabibi wakatoa ukelele mrefu unaopanda na kuvunjika juu, wanauita grito. Ule ukelele una kazi ile ile ya vigelegele vyetu, ila wenyewe una kilio ndani yake.

Jirani yangu kitini, babu mmoja wa hapa hapa, akaniinamia akaniambia: "Sasa ndiyo mariachi yenyewe." Niliporudi nyumbani ndiyo nikaanza kutafakari neno lile. Maana kwa mujibu wa ratiba, hii ndiyo ya kisasa. Kwa babu, hii ndiyo asili.

Na wote wawili wako sahihi, ukifuata miaka.

Mwanzo mariachi ilikuwa muziki wa vijijini na mashambani: Jalisco, Nayarit, Colima, Michoacán. Wanamuziki walivaa walichokuwa nacho, yaani pamba nyeupe. Kundi la watu wanne kutoka mji wa Cocula, likiongozwa na Justo Villa, lilirekodiwa Mexico City 1908, na hizo ndizo rekodi za kwanza za mariachi. Sikilizeni zipo mtandaoni: nyuzi na sauti za watu, basi. Baada ya mapinduzi ya 1910 serikali mpya ikataka alama za taifa, wanamuziki wakahamia mji mkuu, wakavishwa suti ya charro, yaani mpanda farasi mwenye mali. Mkulima akavaa nguo ya bwana wake, na nguo ikawa yake moja kwa moja.

Kisha ikaja redio. Mwaka 1930 Emilio Azcárraga Vidaurreta alifungua kituo cha XEW. Nyuzi peke yake zilikuwa zinasikika nyembamba kwenye mitambo ya wakati ule, tarumbeta linapenya. Makundi yakaanza kuchukua mpiga tarumbeta. Wazee wakachukia! Wapo waliosema ni kelele ya bendi za jeshi na madansi ya mjini, kwamba fidla zitafunikwa, kwamba mariachi imekwisha. Mariachi Vargas de Tecalitlán, kundi lililoanzishwa na Gaspar Vargas miaka ya 1890 na kuhamia mji mkuu katika miaka ya 1930, lilimchukua Miguel Martínez kuwa mpiga tarumbeta wake 1940. Alikuwa mmoja tu. Tarumbeta la pili likaongezwa miaka ya 1950. Basi kile ambacho dunia nzima inakiita mariachi ya jadi, yale matarumbeta mawili yanayoimbiana, ni kidogo kwa umri kuliko babu aliyeniinamia. Hicho ndicho kilichonifanya nifungue uzi huu.

Tena aliyepanga muziki wa Vargas katika kipindi hicho, Rubén Fuentes, aliingia kundini 1944 akiwa mpiga fidla aliyesomea muziki wa nota wa Kizungu. Mariachi alikuwa haijui. Alijifunza miguuni pa Silvestre Vargas, mtoto wa mwanzilishi, kisha akaibadilisha sura. Mgeni, na tarumbeta geni, na suti ya kuazima. Ndiyo asili hiyo tunayoilinda leo.

Nirudi ukumbini. Fungu la pili lilikuwa na vitu vya kila namna. Bolero za kubembeleza. Huapango, ambapo mwimbaji anarusha sauti juu ghafla hadi inakuwa ya kike, anaishikilia huko, ukumbi unahesabu sekunde. Katikati ya huapango hiyo uzi wa vihuela ulikatika, ukapiga kama fimbo, nikaona kijana amefumba jicho. Hakuacha kufagia. Mpiga gitaa wa jirani yake akasogea nusu hatua, akaongeza nguvu kuziba pengo, na wimbo ukaisha. Ndipo kijana akajipangusa shavu. Hawatumii nota jukwaani, kila mtu ana kila kitu kichwani, kwa hiyo wanatazamana muda wote. Kuna lugha nzima ya nyusi pale.

Kisha likaja jambo ambalo mwenyewe nilijiandaa kulichukia: okestra ya nyuzi ya chuo ikaingia ikakaa nyuma yao, chelo na zote, wakapiga utunzi mpya wa mwanafunzi wao. Unaanza kama muziki wa sinema, huoni mariachi popote, halafu guitarrón peke yake inaingia chini na ile hesabu ya sita. Watu wakapiga kelele kama wameona ndugu aliyepotea. Nilitokwa na machozi, sioni aibu kusema.

#4 – Mchangiaji wa Unguja

Asante sana mleta uzi. Mie nimepiga ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarabu, miaka mingi, na hapa lazima niseme neno. Huko kwao walioleta tarumbeta walijifunza kwanza, umesema mwenyewe. Kwetu kinanda cha umeme kilipoingia hakikujifunza kitu. Kilifukuza. Ganuni ikatoka, udi ukatoka, fidla nane zikawa kitufe kimoja. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi chetu cha taarabu hapa Unguja, ipo tangu 1905, siku hizi ukitaka mpiga ganuni wa kukaa naye utamsaka mji mzima. Sasa usitulishe kwamba kila kigeni kitakuwa asili baada ya miaka hamsini.

#5 – Mchangiaji wa Mombasa

Naunga mkono hapo juu. Tofauti ni pesa pia. Bendi ya watu kumi na wanne nani atailipa harusini? Mwenye kinanda anakuja na mwimbaji, wawili, wamemaliza.

#6 – Mleta uzi

Mwalimu wa ganuni, shikamoo. Umenigusa penyewe, na sitaki kukupinga kwa ajili ya kupinga.

Nimetoka Tanga. Baba alipiga fidla kwenye kikundi cha mtaani, siyo vile vikubwa. Lakini nimekulia nikisikia wazee wakisimulia miaka ya 1960 kikundi chetu cha Black Star walivyoingiza gitaa na besi la umeme kwenye taarabu, na watu wa visiwani waliovisema vikundi vya Tanga kwamba vimeharibu. Leo nyimbo zile zikipigwa, wote tunaziita za zamani na tunalia. Kwa hiyo ninajua gitaa liliingia likapata haki yake. Na kinanda, ninakubaliana nawe, kiliingia kikakalia viti vya wengine.

Nilichokiona pale ukumbini ndicho kinachonipa tofauti. Wale vijana wanane wa makubadhi ndio wale wale waliorudi na suti. Walivaa upya tu. Hakuna anayeruhusiwa kwenye fungu la pili kama hajaweza la kwanza. Nilimuuliza binti baada ya tamasha, akaniambia mwaka wake wote wa kwanza alipewa nyimbo za kale tu, bila tarumbeta, mpaka mwalimu akasema sasa mkono wake unajua pa kukaa.

Na hata wao wamepoteza vitu, nisiwapambe kupita kiasi. Redio na sinema zilipochagua sura moja ya mariachi, za mikoani zilififia. Kulikuwa na mariachi za Nayarit zenye ngoma, kulikuwa na za Michoacán ambazo kinubi ndicho kiongozi. Vingi vilibaki kwa wazee wachache. Tangu 2002 Jalisco kuna mkutano wa kila mwaka wa mariachi wa asili, wanaitwa wazee hao kutoka vijijini, wanapiga bila tarumbeta, vijana wanarekodi na kujifunza. Yaani waliamka, ingawa walichelewa. Unesco nayo iliiweka mariachi kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika 2011.

Kuhusu pesa, ndugu wa Mombasa, uko sahihi kabisa. Hata Mexico City pale Plaza Garibaldi, wapiga mariachi husimama na suti zao wakisubiri mteja, wanalipwa kwa wimbo. Wengi wana kazi nyingine mchana. Hapa Texas mwanafunzi wa mariachi anajilipia vitabu kwa harusi, ubatizo, maziko, na sherehe za mabinti kutimiza miaka 15. Tarehe 10 Mei, siku ya kina mama ya Mexico, hawalali: wanaanza alfajiri kwenda kuwaimbia kina mama dirishani. Jamii inawalipa kwa sababu haioni sherehe imekamilika bila wao. Kwetu hilo lilikuwepo pia, tuliliacha wenyewe.

#7 – Mchangiaji wa Houston

Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, niko Houston mwaka wa tisa. Nathibitisha habari ya maziko. Jirani yetu Mmexico alifiwa na baba, mariachi wakaja makaburini na suti zao, jua la Agosti la hapa mnalijua. Walipiga wakati jeneza linashuka. Mke wangu alisema hivi ndivyo nasi tulivyokuwa tunasindikizana na kwaya. Swali langu: kanisani wanaingia? Maana kwetu fidla na ngoma kuingia kanisani ilikuwa vita.

#8 – Mleta uzi

Ndugu wa Houston, pole na asante. Wanaingia. Mwaka 1966 huko Cuernavaca, Mexico, ilifanyika misa ya kwanza maarufu iliyopigwa na mariachi mwanzo hadi mwisho, miaka michache tu baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kufungua mlango wa muziki wa wenyeji. Hapa San Antonio kuna misa ya mariachi Jumapili katika kanisa la kale la Mission San José, kusini mwa jiji. Mimi ni Mwislamu, ila nilisindikizwa na mwenzangu wa kazini nikakaa nyuma. Ule muziki ambao padri wa 1852 aliushtaki kwa askofu, sasa ndio unaoitikia sala.

Na wewe uliye Houston, huko kwako ndiko opera ya kwanza ya mariachi ilikoanzia, Cruzar la Cara de la Luna, 2010, Houston Grand Opera, na Mariachi Vargas wenyewe jukwaani. Muziki uliandikwa na José "Pepe" Martínez, kiongozi wao wa wakati huo. Hapo tarumbeta lililokuwa geni likaketi kwenye ukumbi wa opera.

#9 – Mchangiaji wa Dodoma

Dada hongera. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nieleze hilo la shule. Imekuwaje chuo kikuu kiwe na kundi la mariachi kama tunavyokuwa na timu ya mpira?

#10 – Mleta uzi

Mwalimu, hili ndilo nililokuwa nalingojea mtu aulize.

Kwa upande wa vyuo, la kwanza linalotajwa Marekani ni Mariachi Uclatlán, lilianza 1961 pale UCLA, Chuo Kikuu cha California cha Los Angeles, ndani ya taasisi ya muziki wa mataifa chini ya msomi wa muziki Mantle Hood. Falsafa yake ilikuwa nyepesi: ukitaka kuuelewa muziki wa watu, ushike mikononi mwako uupige. Wanafunzi wengi wa mwanzo hawakuwa hata Wamexico.

Kwa upande wa shule, chimbuko ni hapa hapa San Antonio, 1966, mwalimu Belle San Miguel Ortiz alipoanzisha mariachi kwa watoto wa shule. Fikiria wakati huo. Mtoto wa Kimexico Texas alikuwa anachapwa shuleni kwa kuongea Kihispania uwanjani. Wazee hapa kazini kwangu wananisimulia, mmoja ana zaidi ya miaka themanini na bado anashusha sauti akifika kwenye neno hilo. Kisha mwalimu anasimama anasema hiki ambacho bibi yako anakipika, anakiimba, kina darasa, kina alama, kina jukwaa.

Kutoka hapo mambo yakapanuka. Mwaka 1979 San Antonio ikawa na mkutano wa kwanza wa kimataifa wa mariachi hapa Marekani: Mariachi Vargas wakaja kufundisha watoto mchana, usiku wakapiga. Tucson, Arizona, wakafuata miaka ya 1980. Chuo Kikuu cha Texas kule Austin kina kundi lake tangu 1977, limepewa jina la Américo Paredes, msomi aliyetumia maisha yake kukusanya nyimbo za watu wa mpakani. Kule Edinburg karibu na mpaka kuna Mariachi Aztlán tangu 1989. Hadi Harvard wanalo, na Stanford. Leo shule za sekondari za Texas zinashindanishwa mariachi kijimbo kama zinavyoshindanishwa bendi.

Matokeo yake nimeyaona kwa macho. Kati ya vijana kumi na wanne, saba walikuwa wasichana. Zamani msichana kupiga mariachi ilikuwa kisa, walikuwepo hata miaka ya 1940 lakini wachache na kwa shida. Darasa halikumuuliza mtoto jinsia, lilimuuliza kama amefanya mazoezi. Los Angeles kuna Mariachi Reyna, kundi la wanawake watupu tangu 1994, New York kuna Flor de Toloache. Na pale jukwaani mpiga kinubi alikuwa kijana wa Kivietinamu, na mmoja wa matarumbeta ni mvulana mweusi wa hapa Texas aliyeanza na bendi ya shule. Wanapiga na grito wanaitoa.

Mwalimu, wewe uko darasani. Pale Unguja tangu 2002 kuna chuo cha muziki wa nchi za jahazi, DCMA, kimefundisha vijana udi, ganuni na fidla, na baadhi ya wahitimu wake ni walimu. Kwa hiyo si kwamba hatuna. Ninachotaka kwa moyo wote ni kiingie shule ya kawaida, ile ya mtaa, mtoto wa darasa la sita akae na fidla Jumatano saa tisa kama anavyokaa na hesabu. Asiyekuwa na kipaji naye akae.

#11 – Mchangiaji wa Unguja

Hilo la Jumatano saa tisa nakubali. Hapo hatugombani. Fidla moja ya kichina siyo ghali kama watu wanavyodhani, tatizo ni mwalimu na nyuzi. Nyuzi zinakatika kwa chumvi ya hewa.

#12 – Mchangiaji wa Morogoro

Mleta uzi, baba yupo hai? Umemsimulia?

#13 – Mleta uzi

Yupo, alhamdulillahi. Ana miaka 79, fidla ameitundika ukutani kwa sababu ya vidole. Nilimtumia sauti niliyorekodi kwa simu, mafungu yote mawili, bila kumwambia lipi ni lipi. Akanipigia alfajiri ya huko. Nilidhani atasema habari ya fidla. Hakuzisema. Akauliza: "Hilo linalonguruma chini, nyuzi zake zimetiwaje?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nikamuuliza mwenzangu, naye akamwandikia binti yake, jibu likaja saa tisa usiku tukiwa tunabadilisha shuka za mzee mmoja. Sauti za nyuzi, kuanzia wa kwanza, ni hizi: la, re, sol, do, mi, la. Ila ile la ya mwisho haiendelei kupanda kama ungetegemea. Inarudi chini ya do na mi, oktavu moja tu juu ya ile la ya kwanza, ili vidole vipate jozi za kuvuta pamoja bila kuhangaika.

Nikampigia baba nikamsomea. Akakaa kimya, nikasikia ananung'unika zile sauti moja moja, la, re, sol, do, mi. Akafika ya mwisho akaishusha. Akaniambia nisubiri, nikasikia kiti kinavutwa ukutani.